Chuma Kilichommaliza Masalu

Sehemu ya saba

Mikono ya Chenge ilikuwa shingoni mwangu, na dole gumba lake lilikuwa linatafuta mahali pa kuzima pumzi yangu. Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi. Mnisamehe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeachwa palepale, na wala sikuwa na gazeti la kufunika.

"Shemeji," alisema, mdomo wake sikioni kwangu, "sitaki kukuumiza. Nipe hicho chuma yaishe."

Anakuita shemeji huku anakunyonga. Ndivyo alivyo Chenge.

Kwa anayeanza leo: naitwa Suzana. Ni afisa manunuzi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mbele kidogo ya Kisesa. Mdogo wangu Masalu alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kufunga robota kiwandani hapohapo. Mashine ile hushindilia pamba ndani ya sanduku la chuma. Sanduku lina mlango mzito, na mlango unashikwa na pini nene za chuma. Msimu uliopita pini moja ilikatika pamba ikiwa imeshindiliwa hadi mwisho. Mlango ukafyatuka. Masalu alikuwa amesimama mbele yake.

Tulimzika Bujora, jeneza limepigiliwa misumari. Mama aliomba kumwona uso. Tulimwambia hapana.

Baada ya matanga, meneja wetu, Bwana Mihayo, alinipa kazi ya kuandaa ombi la bei kwa karakana tatu, watuchongee pini mpya. Kipuri cha kuchongesha hakiagizwi kama unga wa dukani. Lazima uchore, upime, utaje aina ya chuma, na useme kitafanya kazi gani. Ukiwa na sampuli, unaipeleka.

Sampuli niliyokuwa nayo ni kipande cha pini ileile iliyomuua mdogo wangu.

Pini za zamani tuliuziwa na Chenge, mfanyabiashara wa vipuri, rafiki wa mume wangu. Alipochungulia stoo asubuhi ile akanikuta nakipima kipande, hakusalimia. Alifunga mlango kwa komeo. Karakana tatu zingekiona kile chuma, mafundi watatu wangejua alituuzia nini.

Basi. Turudi shingoni.

Macho yalianza kuniingia giza. Mkono wangu wa kulia ulipapasa mezani, ukakuta kitu kizito na cha baridi. Nikakishika. Nikampiga nacho gotini.

Goti lililia kama kuni kavu.

Chenge akaniachia, akainama. Nikamshushia cha pili juu ya sikio. Akaanguka kwenye rafu, rafu ikaja naye, maboksi ya boliti yakamwagika sakafuni. Alikuwa amelala chini, damu inamtoka, mkono mmoja ameuinua kunizuia.

Nikampiga tena.

Nitasema ukweli, maana nimekaa chini kuandika ili niuseme: ya kwanza na ya pili zilikuwa za kujiokoa. Ya tatu ilikuwa ya Masalu.

Nilikifunga kipande kwenye khanga, nikakitia kwenye mkoba, nikafungua komeo.

* * *

Nilipoingia ofisini kwa Bwana Mihayo, blauzi yangu ilikuwa na madoa mpaka kwenye kola.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanyanyuka kitini. "Suzana, hii damu ya nani?"

"Ya Chenge. Nimemwacha stoo. Nadhani yuko hai."

Nilitegemea anifukuze kazi. Nilitegemea aite mlinzi. Badala yake alizunguka meza, akanimiminia maji, akasimama dirishani nikiyanywa. Meno yangu yalikuwa yanagonga glasi.

"Amekukaba kwa sababu ya pini?"

"Ndiyo. Hataki ziende kwa mafundi."

"Basi ndiyo ziende." Aligeuka. Ana uso wa upole, Bwana Mihayo, uso wa mzee wa kanisa. "Andika ombi lako vilevile unavyojua. Sema chuma gani, ugumu gani. Usimfichie mtu. Nataka ijulikane kwamba takataka za Chenge ndizo zilizomuua Masalu. Umenielewa?"

Nililia. Tangu msiba, huyo alikuwa mtu wa kwanza kulitamka jina la mdogo wangu kiwandani bila kushusha sauti.

"Nenda mjini leo hii," alisema. "Chenge niachie mimi."

* * *

Karakana ya Sihaba iko Mabatini. Baba yake, marehemu Mzee Nurudin, alikuwa akikereza vyuma vya mashua na mashine za kusaga tangu sijazaliwa. Alipokufa, kaka zake Sihaba waligawana nyumba. Yeye akasema, "Mimi nipeni mashine." Anavaa ovaroli, kichwani anafunga mtandio, na ulimi wake unakereza kuliko mashine yake.

Alinitazama shingo, akatazama blauzi.

"Umekuja na kazi au umekuja na kesi?"

"Vyote viwili."

"Kaa."

Alikuwa na kazi nyingine kwenye mashine, fimbo ndefu ya chuma iliyokuwa inazunguka taratibu na kujimenya yenyewe, nyuzi za chuma zikidondoka kama maganda ya viazi. Aliiacha iendelee. Nikakifungua kipande juu ya meza.

"Dada Sihaba, nisaidie kuandika hili ombi. Sitaki likosewe hata neno."

"Sikuandikii." Akanyoosha kidole. "Mimi ni mmoja wa watakaokuletea bei. Nikikuandikia, kesho watasema tumekula njama. Nitakuuliza maswali. Wewe andika unachojibu."

Ndivyo tulivyofanya, mimi naandika kwenye simu. Aliniuliza pini inaingia kwenye tundu la upana gani, nikataja. Ilegee kiasi gani? Iingie kwa kusukumwa na mkono, nikasema, isigongwe kwa nyundo. Ziwe ngapi? Za mlango mzima, na za akiba. Muuzaji wa chuma atoe cheti? Atoe, na kila pini igongwe alama ya fundi aliyeichonga, ili ikiua mtu tujue pa kwenda.

Kisha akauliza: "Ikizidiwa na mzigo, unataka ikatike ghafla au ipinde kwanza?"

Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo maishani.

"Ipinde," nilisema. "Ipinde, mtu aone, akimbie."

"Andika hivyohivyo."

Nikaandika: Pini ipinde kabla ya kukatika. Machozi yalidondokea simu, nikayafuta kwa ncha ya khanga.

Sihaba alikuwa amechukua tupa. Aliipitisha mara moja kwenye kipande cha pini. Tupa iliingia kama kisu kwenye sabuni.

"Ee Mungu," alisema. "Hii ni nondo, Suzana! Nondo ya kujengea. Wameikereza, wakaipaka rangi."

Nilijua ni chuma kibaya. Sikujua ni kibaya kiasi hicho. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi mbele ya mlango ulioshikwa na nondo.

Lakini Sihaba hakuwa amemaliza. Alikigeuza kile kipande, akakigeuza tena, akakisogeza mwangani.

"Mbona haijapinda?"

"Unasemaje?"

"Nondo ni laini. Ingepinda kwanza. Mngeiona imejikunja kama mgongo wa paka. Hii imenyooka." Akapangusa pale ilipokatikia kwa tambara lenye mafuta ya taa. Kutu ikatoka. "Njoo uangalie."

Nusu moja ilikuwa na chembechembe, imekwaruzika, kama muwa uliovunjwa gotini. Nusu ya pili ilikuwa laini, na juu yake kulikuwa na mistari midogo midogo iliyolala sambamba.

"Hayo ni meno ya msumeno," alisema Sihaba polepole. "Hii pini ilikatwa nusu kabla ya kuvunjika. Mtu aliikata, akairudisha mahali pake, akangoja."

Sikumbuki nilikaa vipi chini. Nakumbuka saruji ya sakafu ilivyokuwa ya moto.

Msimu mzima nilikuwa nalia ajali. Kumbe Masalu aliuawa.

Nilipiga picha. Nilipiga nyingi, mpaka zikatoka tatu zilizo safi. Kisha nikampigia mtu pekee niliyemwamini.

"Bosi, kuna alama ya msumeno kwenye pini. Masalu ameuliwa!"

Nilisikia Bwana Mihayo akifunga mlango wa ofisi yake.

"Umemwonyesha nani?"

"Fundi tu, hapa Mabatini."

"Usimwambie mwingine. Shika hicho chuma mwenyewe, usimpe mtu. Nakuja."

Nikashukuru. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba nilimshukuru.

* * *

Nilikuwa nimekirudisha kipande mkobani, na kabla simu haijafuata, pikipiki mbili zilisimama mlangoni.

Walishuka wanaume watatu, helmeti kichwani, vioo vimeshushwa. Wa mbele alikuwa na panga. Wa pili alikuwa na bomba la maji. Wa tatu, mwenye jaketi jeusi, hakuwa na kitu mkononi.

"Chuma!" alifoka mwenye panga. "Chuma cha kiwandani kiko wapi?"

"Hapa vyote ni vyuma," alisema Sihaba. "Chagua."

Bomba lilimpata begani. Nilisikia mfupa. Sihaba alipepesuka hadi kwenye ndoo ya maji ya sabuni anayopozea mashine, akaiinua kwa mkono uliobaki, akammwagia mwenye panga usoni. Maji yaliingia chini ya kioo cha helmeti. Jamaa akaanza kukata hewa kwa panga kama kipofu, akamkata mwenzake wa bomba pajani. Mwenzake akapiga yowe.

Mwenye jaketi jeusi alikuja kwangu.

Nilirudi nyuma hadi nikagonga mashine. Ile fimbo ndefu bado ilikuwa inazunguka mgongoni kwangu. Nikapenya upande wa pili, mkoba kifuani. Yeye hakuzunguka. Alinyoosha mkono juu ya mashine ili aunyakue mkoba.

Mkono wa jaketi ukagusa chuma kinachozunguka.

Mashine haina hasira. Ilichukua kitambaa kidogo, ikazunguka, ikachukua kingi, ikazunguka, ikauchukua mkono. Nilisikia kitu kama matete yanavyovunjwa. Mwili wake wote uliinuliwa, ukabamizwa juu ya kitanda cha mashine, helmeti ikagonga chuma, ikagonga tena.

Sihaba alikifikia kitufe chekundu cha kuzimia mashine, akakibamiza kwa kiganja.

Mashine ikasimama.

Wale wawili walikuwa tayari wameparamia pikipiki moja, damu ya paja inadondoka njiani. Hawakumngoja mwenzao.

Yule aliyenaswa alikuwa anaita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu! Mayu!" Mkono wake ulikuwa umezungushwa kwenye ile fimbo, na sehemu ya juu ya kiwiko haikufanana tena na mkono.

Nikaijua sauti.

Sikutaka kuijua. Nilimfungua kamba ya helmeti, nikaivuta.

Alikuwa Nestory. Mume wangu. Baba wa mwanangu. Uji aliokunywa asubuhi niliupika mimi, na aliniambia haujakolea sukari.

"Mama Rose," alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Sikukugusa. Umeona... sikukugusa."

"Unamjua?" aliuliza Sihaba, ameshika bega lake.

"Ni mume wangu."

Alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Basi kamata huko tumtoe. Kugombana mtagombana akiwa hai."

Tuliirudisha fimbo nyuma kwa mikono, zunguko kwa zunguko, na kila zunguko Nestory alizimia na kuzinduka. Nilimfunga na khanga yangu juu ya jeraha, nikaikaza kwa bisibisi mpaka damu ikapungua. Majirani walisaidia kumpakia kwenye bajaji. Sihaba akaingia nyuma yetu, bega lake limening'inia.

Njia nzima nilikuwa nimemlaza Nestory kichwa mapajani kwangu, na nilikuwa namchukia.

* * *

Hospitali walidai PF3, ile fomu ya polisi. Nikasema ni ajali ya mashine, fomu italetwa, naomba mwokoeni mtu. Nesi alimwangalia mkono, hakuuliza tena. Sihaba alipelekwa kupigwa picha ya bega. Nestory walimtundikia dripu, wakamfunga bandeji nene, wakasema daktari anaandaa chumba cha upasuaji. Mkono utaondolewa.

Tukaachwa wawili nyuma ya pazia.

"Sema," nilimwambia.

"Mama Rose, naumwa."

"Sema."

Akasema. Pini ambazo kiwanda kilinunua kupitia kwa Chenge zilikuwa nzuri, za chuma kigumu. Yeye, kama dereva wa kiwanda, ndiye aliyezifuata. Njiani alizipeleka kwa Chenge, Chenge akamtafutia mnunuzi mgodini, na zikachongwa nyingine za nondo zilizofanana. Hizo ndizo alizozileta kiwandani na kusaini kwamba amezifikisha. Na leo Chenge, alipozinduka, ndiye aliyempigia simu waje wakichukue kile chuma kwa Sihaba.

"Tulijua zitachakaa mapema," alisema huku analia. "Tulidhani zitabadilishwa tu. Nakuapia, sikudhani mtu atakufa."

"Na msumeno?"

Akafumba macho.

"Nestory. Msumeno?"

"Sijui msumeno wowote."

Niliweka kiganja changu juu ya bandeji. Sikubonyeza. Niliweka tu, akasikia uzito wake.

"Mlimkata Masalu kama mnakata kuni, wewe na Chenge. Alikuita kaka. Alikubebea bati za nyumba mgongoni. Sema!"

"Si mimi! Si Chenge!" Alishika ukingo wa kitanda kwa mkono mzima. "Ni Mihayo."

Nilidhani homa imempanda.

Lakini aliendelea, maneno yanamtoka kama matapishi. Kwamba Bwana Mihayo alikuwa anatoa robota kiwandani kwa siri na kuzivusha ziwani kwa mashua. Kwamba yeye Nestory ndiye aliyekuwa akiziendesha kwa lori hadi mwaloni, pale mashua zinapopakia. Kwamba Masalu alianza kuhesabu, akaona robota anazofunga si zote zinazofika sokoni, akaenda kwa Mihayo mwenyewe kumuuliza, kwa heshima, kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Asubuhi ile niliingia kufuata ufunguo wa lori. Nikamkuta Mihayo kwenye mashine, peke yake, na msumeno wa chuma. Aliniambia pini imekwama. Baadaye akawaita wafanyakazi wote kikao, akamwacha Masalu amalizie robota moja."

"Ukanyamaza."

"Aliniambia: Nestory, pini za nondo umeleta wewe. Ukisema la kwangu, nasema la kwako. Nani ataanza kunyongwa?"

Mambo yote yaliyotangulia yakajipanga kichwani mwangu upya. Ule upole. Ile glasi ya maji. Nataka ijulikane kwamba takataka za Chenge ndizo zilizomuua Masalu. Mihayo alihitaji ombi langu la bei. Alihitaji karatasi ya kiwanda inayosema pini zilikuwa laini, ili asitokee mtu wa kuuliza zaidi.

Na mimi nilikuwa nimempigia simu kumwambia kuhusu msumeno.

Nikatoa simu. Ombi langu lilikuwa pale, limekamilika: mchoro, vipimo, aina ya chuma, pini ipinde kabla ya kukatika. Nikaambatanisha zile picha tatu, pamoja na maneno haya: Pini ya awali ilikatwa nusu kwa msumeno, angalia picha. Nikaandika anwani za karakana tatu. Kipande kikipotea, nikawaza, kikitupwa ziwani, mafundi watatu watakuwa wameshaona.

Nikabonyeza kutuma. Mtandao wa hospitali ni wa kusuasua. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

"Hodi," alisema mtu nyuma ya pazia.

Bwana Mihayo aliingia na mfuko wa machungwa.

"Pole sana, mama. Nimefika karakana, nikaambiwa mmekuja huku." Akainama juu ya kitanda. "Pole, Nestory. Kazi hizi zina hatari."

Nestory alikuwa amegeuzia uso ukutani. Shuka ilikuwa inatikisika.

"Anasema nini mgonjwa?" aliuliza Mihayo.

"Hajasema kitu, bosi. Amezimia tangu tumefika."

"Afadhali apumzike." Alikuwa anaangalia mpira wa dripu. Aliushika kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua uzi wa pamba. "Na kile chuma unacho?"

"Nimekificha karakana."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Kipande kilikuwa mkobani, kinanichoma ubavu.

"Basi nenda kashughulikie fomu ya polisi. Mimi nitakaa naye."

Vidole vyake bado vilikuwa kwenye mpira.

Nilimchukia Nestory, nimeshasema. Lakini ningemwacha pale na yule mzee, shahidi pekee wa damu ya Masalu asingefika chumba cha upasuaji.

"Bosi," nilisema, "tukakichukue sasa hivi wote wawili. Wale watu wanaweza kurudi."

Alifikiri. Akaachia mpira.

"Umesema vizuri. Twende."

* * *

Gari lake lina kiyoyozi na harufu ya marashi. Nilifunga mkanda kwa mazoea. Mpango wangu ulikuwa mfupi: tukifika Mabatini, kwenye watu, nishuke nikipiga kelele.

Tulifika Mabatini. Tukaipita kona ya karakana bila kupunguza mwendo.

"Bosi, tumepita."

"Nimeona askari pale. Tutazungukia mbele."

Hapakuwa na askari.

Buzuruga magari yalisimama. Wapiga debe wanaita abiria, mama mmoja anagonga kioo changu na sahani ya karanga. Niliweka mkono kwenye kitasa. Hapo simu ya Mihayo ikalia mlio wa ujumbe.

Aliitazama. Nami nikaitazama.

Kila ombi la bei linalotoka kwenye akaunti ya kiwanda, nakala yake humwendea meneja. Hujiendea yenyewe, hata usipomwandika. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilijua hivyo, na siku ile nilisahau. Kile kiduara cha hospitali kilikuwa kimemaliza kuzunguka.

Alifungua picha ya kwanza. Akaikuza kwa vidole viwili. Akaisoma sentensi yangu, midomo ikicheza. Kisha akailaza simu pajani, taratibu.

"Picha nzuri," alisema. "Mpaka meno ya msumeno yanaonekana."

Nilivuta kitasa. Hakikufunguka.

Foleni ikaachia. Akakunja kushoto, akaacha barabara kubwa, tukaingia njia ya vumbi inayoelekea ziwani.

"Uliniambia chuma kiko karakana."

"Ndiyo, bosi."

"Lakini mkoba wako, Suzana, unaonekana mzito."

Nilipiga yowe. Kiwiko chake kilinipata mdomoni, jino likalegea, damu ikajaa ulimi. Nilipojaribu kuinuka alinipiga tena, bila hata kunitazama, macho yake barabarani.

"Mdogo wako alikuwa kijana mzuri," alisema. Sauti ilikuwa ileile ya ofisini. "Nilimwambia afunge pamba, asihesabu malori. Hakusikia. Nyie watoto wa yule mama mna ubishi."

Nyumba zilianza kupungua. Yakabaki mawe, yale mawe yetu makubwa, yamepandana pande zote mbili za njia. Kati yake nikaliona ziwa limetanda chini. Mwaloni palikuwa na mashua moja yenye injini, na wanaume wawili wamesimama ndani ya maji mpaka magotini, wanaangalia juu, wanalingoja gari.

Mihayo akakanyaga mafuta. Mteremko ukalivuta gari.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Kifuani kwake hakukuwa na mkanda.

Kwangu ulikuwepo.

Mbele, upande wangu, jiwe moja lilikuwa limejitokeza hadi ukingoni mwa njia, refu kuliko gari, limesimama kama ukuta. Mihayo alianza kulikwepa.

Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikamwita Masalu kwa jina, nikauvuta kwangu kwa nguvu zangu zote.